Nyumba Yenye Mwalimu Mmoja na Madarasa Manne

Wako watu wadhanio ya kuwa shule ni bati, matofali na kengele. Kwa fikira zao, mtoto akiisha kutoka langoni mwa shule kazi ya elimu imekwisha mpaka kesho asubuhi; na mzazi akiisha kununua daftari na sare, deni lake kwa mtoto limelipwa. Fikira hiyo ilikaa vichwani mwetu miaka mingi bila kuulizwa swali, hata ikafika siku ambayo bati na matofali vilibaki mahali pake, na watoto wakarudishwa nyumbani.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 17 Machi, 2020. Waziri Mkuu alitangaza kwamba shule zote za awali, za msingi na za sekondari zifungwe kwa siku 30, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ambao mgonjwa wake wa kwanza nchini alikuwa ametangazwa jana yake. Siku 30 zikapita, na milango haikufunguliwa. Wanafunzi wa vyuo na wa Kidato cha Sita walirudi tarehe 1 Juni. Wadogo zao hawakurudi mpaka tarehe 29 Juni. Hizo ni siku zaidi ya 100. Wala hatukuwa peke yetu, maana katika mwezi wa Aprili mwaka huo wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya shule.

Swali tulitakalo kuliuliza leo ni hili: katika siku hizo zaidi ya 100, nani aliyefundisha?

Yako majibu mepesi. Taasisi ya Elimu Tanzania ilitayarisha masomo, yakatangazwa kwa redio na televisheni, na jambo hilo lilikuwa jema. Lakini redio haimshiki mtoto mkono anapoigeuza herufi, wala haimngoji aliyekwenda kuwarudisha mbuzi. Ili kupata jibu la kweli yafaa tuingie uani mwa nyumba moja, tukae tangu alfajiri mpaka taa izimwe.

KINYANGIRI, MEI 2020

Twende Kinyangiri, mkoa wa Singida. Kinyangiri imo katika wilaya ya Mkalama, iliyozaliwa mwaka 2012 kwa kuigawa wilaya ya Iramba. Ni nchi ya mvua ya msimu mmoja. Ikiisha kukatika, hairudi mpaka mwisho wa mwaka. Watu wake wanalima mtama, uwele, mahindi na alizeti, na kufuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Majumbani wengi wanazungumza Kinyiramba au Kinyisanzu, na mtoto hukutana na Kiswahili cha kitabuni siku aendapo shule.

Hatutaji jina la mtu, maana nyumba tuielezayo ni mfano wa nyumba nyingi. Aliyeishi huko siku hizo ataitambua. Baba yuko mjini Singida, anafanya kazi ya ujenzi na kutuma fedha zipatikanapo. Nyumbani yupo mama, aliyemaliza Darasa la Saba zamani. Yupo bibi, mama wa baba. Na wapo watoto wanne. Binti mkubwa ana miaka 13, yumo Darasa la Saba. Mvulana ana miaka 10, yumo Darasa la Nne. Binti mdogo ana miaka 7, alianza Darasa la Kwanza mwezi wa Januari, na amesoma miezi miwili na nusu tu. Kitinda mimba ana miaka 4, hajui shule ila kwa kuisikia.

Basi mama huyu, bila kupelekwa chuo na bila kupewa mshahara, amekuwa mwalimu mkuu wa shule yenye madarasa manne. Nayo shambani alizeti imekauka, yataka kuvunwa.

SIKU YA KWANZA ILIVYOHARIBIKA

Siku ya kwanza mama alifanya kama alivyoona shuleni alipokuwa mtoto. Aliwapanga wote mstari mmoja katika kivuli cha ukuta, akashika fimbo, akaandika kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku, akasema, "Haya, someni." Alikusudia wasome mpaka adhuhuri.

Haikufika saa nne. Kitinda mimba aliutaka mkaa, aliponyimwa, akalia. Mvulana alilimaliza lake kwa nusu ya akili, akadai kwamba mbuzi wanaingia shamba la jirani, akatoweka. Wa Darasa la Kwanza alibaki akinakili herufi ambazo hakuna aliyemwambia sauti zake, na kila "b" aliigeuza ikawa "d". Mama naye aliitwa shambani. Aliyebaki ni nani? Ni binti mkubwa. Alikifunga kitabu chake, akamketisha mdogo wake mbele yake, akaanza: "Sema ba, be, bi, bo, bu."

Zikapita wiki kwa mtindo huo, na mtu akipita njiani angesema nyumba hii yaendelea vyema. Mdogo alizijua herufi. Kitinda mimba alikuwa safi na ameshiba. Wakati wa kipindi cha redio watu walinyamaza; ijapokuwa kipindi kilikuwa cha darasa moja na wasikilizaji walikuwa wa madarasa manne, na betri ilikuwa imechoka.

Usiku mmoja mama aliamka akaona taa ya sola ingali inawaka. Binti mkubwa alikuwa amelala juu ya daftari, kalamu mkononi. Katika ukurasa ule alikuwa ameandika tarehe, na kichwa cha habari, na mstari mmoja.

Hapo mama akaanza kuihesabu siku ya mwanawe. Alikwenda kisimani mara mbili. Alifagia uwanja. Alifundisha herufi asubuhi. Alisonga ugali wa mtama, akapika mlenda. Alimbeba mdogo. Alikwenda shambani jioni. Aliosha vyombo. Kitabu chake mwenyewe alikifungua saa tatu usiku. Naye ndiye mwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao mwaka huo watoto waliufanya mwezi wa Oktoba. Wengine wote katika nyumba ile wangeweza kungoja, yeye hakuweza. Alikuwa amefundisha kutwa nzima, wala hapakuwa na mtu aliyemfundisha yeye.

Asubuhi mama alimweleza mkwewe habari hizo. Bibi akamjibu, "Ng'ombe akamuliwaye kila siku bila kulishwa, maziwa yatatoka wapi?"

SIKU ILIVYOPANGWA UPYA

Bibi huyo hakusema kwa kubahatisha. Alijifunza kusoma akiwa mama mzima, katika kisomo cha elimu ya watu wazima cha miaka ya 1970, chini ya mti, pamoja na watu wa kila umri. Alikumbuka jambo moja kubwa: katika darasa lile hakuna aliyefundishwa sawasawa na mwenziwe, ila kila mmoja alikuwa na kazi mkononi na saa yake ya kutazamwa. Kwa hiyo nyumba ile ikabadilisha mpango, na siku ikawa hivi.

Kabla ya jua kuchomoza, mama anawasha moto na binti mkubwa anafungua kitabu. Saa hiyo ni yake. Hatumwi, haitwi, habebeshwi mtoto. Ndoo ya maji anaichukua mvulana. Alinung'unika siku mbili, akisema wenzake watamcheka kisimani. Siku ya tatu alizoea. Maana mtoto wa kiume naye ameumbwa na mabega.

Baada ya uji wote wanakaa pamoja kwa muda mfupi. Bibi anatega kitendawili, na yeyote aweza kutegua. Kisha mama anauliza hesabu za kichwani, kila mtu kwa kimo chake: kitinda mimba ahesabu vidole vya mkono mmoja, wa Darasa la Kwanza ajumlishe 6 na 3, mvulana azidishe 7 kwa 8, mkubwa atafute robo ya 60. Hivyo hakuna anayechoka kumngoja mwenziwe, na wadogo wanasikia mambo ya wakubwa yakipita masikioni mwao kabla ya siku yake kufika.

Ndipo wanagawanyika. Kanuni ya mama ni moja tu: mmoja apate mdomo wa mwalimu, wengine wapate kazi ya mikono. Kitinda mimba anapewa sinia la mbegu za alizeti, atenge nyeusi mbali na zenye milia. Watu wakacheka wakadhani anapumbazwa tu. La hasha. Mtoto anayejifunza kutofautisha mbegu na mbegu anatayarisha jicho litakalotofautisha herufi na herufi.

Wa Darasa la Kwanza anaandika mchangani kwa kijiti. Neno analisema kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili, kisha analiandika. Hapo bibi ndiye mwalimu, kwa kuwa yeye ndiye aijuaye njia itokayo lugha moja kwenda nyingine. Anasoma polepole, kidole juu ya herufi, wala haoni haya. Na mtoto amwonapo mzee wa nywele nyeupe akisoma polepole, naye haoni haya.

KUKOPA MOJA

Habari ya mvulana yastahili kuelezwa peke yake. Aliwekwa amfundishe dada yake mdogo kuhesabu makumi. Mama alimpa vijiti, akamwambia afunge kumi kumi kwa kamba. Mvulana alifanya kwa majivuno, kama mtu ajuaye sana.

Siku moja mama alimwandikia yeye mwenyewe hesabu ya kutoa: 52 toa 17. Akaifanya upesi, akapata 35, akisema kama walivyomfundisha, "Mbili haitoi saba, nakopa moja." Mdogo wake akamwuliza, "Kaka, unaikopa kwa nani?" Mvulana akanyamaza. Alikuwa akikopa tangu Darasa la Pili, wala hakuwahi kumjua mkopeshaji.

Mama akamsogezea vijiti. Mafungu matano ya kumi, na vijiti viwili. Akamwambia atoe 17. Mvulana alitazama, akafungua fungu moja, na vile viwili vikawa kumi na viwili. Akatoa saba, vikabaki vitano. Akaondoa fungu moja katika manne yaliyobaki, yakabaki matatu. Akainua macho, akasema, "Kumbe ile moja ni kumi!"

Ndugu msomaji, hapo ndipo ilipo siri ya watoto wa umri mbalimbali kusoma pamoja. Tumezoea kuona tofauti ya umri kuwa balaa kwa mwalimu, na ni kweli yachosha. Lakini mkubwa akimfundisha mdogo kwa kipimo, anakutana na maswali ambayo darasani hakuna anayemwuliza, na hugundua mahali ambapo alikariri bila kufahamu. Mdogo hupata mwalimu, mkubwa hupata kioo. Jambo liharibulo mpango huu ni kupita kipimo. Nusu saa ya kumfundisha mdogo humjenga mkubwa. Kutwa nzima humfanya mtumishi.

Adhuhuri ikapita, jioni wote wako uwanjani kupura alizeti, na hapo somo la binti mkubwa linapata miguu. Tuseme zimepatikana debe 15, na mama anaweka debe 3 za mbegu. Je, ni asilimia ngapi? Binti anaandika mchangani: 3 kwa 15, ni 1 kwa 5, ni asilimia 20. Kisha anapima urefu na upana wa uwanja kwa hatua, apate eneo lake. Hesabu hizo zilikuwamo kitabuni zikimtisha. Zilipopata maganda na vumbi zikamzoea.

Likabaki jambo ambalo mama hakuliweza, nalo ni masomo yaliyompita kimo. Nyumba ya tatu kutoka pale alikuwako kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, akingoja kazi. Wazazi wa nyumba tatu wakapatana naye: awafundishe watoto wao wa Darasa la Saba mara tatu kwa wiki, nao wamsaidie mama yake kuvuna. Watoto hao walikuwa watatu tu, wakikaa mbalimbali katika hewa, na kibuyu chirizi kikining'inia mlangoni ili wanawe mikono. Hapakutumika hata shilingi moja.

TWAJIFUNZA NINI?

Wengine watasema, "Hayo yalikuwa ya mwaka 2020, nayo yamepita." Ni kweli shule zilifunguliwa. Tena sisi tulipona mapema kuliko jirani zetu. Kenya ilifunga shule mwezi huohuo wa Machi, ikarudisha madarasa machache mwezi wa Oktoba, na wengine wote Januari 2021. Uganda watoto wengi hawakurudi mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili tangu milango ifungwe. Lakini lile tuliloliona uani katika siku zile halikuanza siku zile, wala halikwisha tarehe 29 Juni.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 katika nchi yetu hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wakasoma chini ya miti, katika maghala na viwandani, wakifundishwa na yeyote ajuaye. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto apate elimu ya msingi, na waalimu wakawa haba. Vijana maelfu waliomaliza Darasa la Saba wakafunzwa vijijini huku wakifundisha, nao wakashika chaki. Kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa chini ya 10 katika kila 100. Taifa halikungoja kila mahali papate jengo na mwalimu mwenye cheti. Lilitumia kila mdomo uliojua kitu.

Wala hatusemi kwamba nyumba ichukue mahali pa shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria, na sheria hiyo ni njema. Mama wa Kinyangiri mwenyewe, siku shule zilipofunguliwa, aliamka usiku kuwapigia watoto sare pasi. Mwalimu wa kweli ana ujuzi wake, kama fundi wa kweli alivyo na wake.

Twasema hivi: tangu Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za msingi na za sekondari hadi Kidato cha Nne, na watoto walijaa madarasani. Hilo ni jambo la furaha, lakini mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake hawezi kumtazama kila mmoja anapoigeuza "b" ikawa "d". Aliye karibu na kuliona hilo ni mtu wa nyumbani. Nusu saa ya jioni yatosha, hata kwa mzazi asiyejua kusoma. Kwa maana yeye naye aweza kusema, "Nisomee," na kusikiliza mpaka mwisho.

Lakini nusu saa hiyo isiwekwe juu ya bega la mtoto mmoja. Hapa ndipo tunapotaka kuwa wakali kidogo. Katika nyumba zetu nyingi akisemwa "mtoto mkubwa awasaidie wadogo", maana yake ni binti. Yeye ndiye maji, yeye ndiye kuni, yeye ndiye mlezi, na sasa yeye ndiye mwalimu. Matokeo yake ya mtihani yakija mabaya, tunasema hana akili. Akili anayo. Tulichomnyima ni saa.

Basi kila nyumba yenye watoto wa umri mbalimbali yapasa kutazama mambo matatu. Kwanza, yule aliye karibu na mtihani awe na saa yake isiyoguswa, tena awali ya siku, kabla ya uchovu. Pili, kazi za nyumbani zigawanywe kwa nguvu za mtoto, si kwa kuwa huyu wa kike na huyu wa kiume. Tatu, mkubwa amfundishe mdogo kwa kipimo, naye atafutiwe wa kumfundisha: mjomba, jirani, kijana aliyemaliza shule, hata kwa malipo ya kuvuniana.

Na wewe mfanyakazi uliye mbali na nyumbani, kama baba wa nyumba ile, usijidanganye kwamba fedha uliyotuma imemaliza kazi. Fedha hununua daftari. Haiwezi kuuliza daftari limeandikwa nini. Leo simu zimeenea. Ukipiga, usiishie kuuliza kama wamekula na kama mvua imenyesha. Mwombe mdogo akusomee mstari mmoja. Mwulize wa katikati kwamba akikopa moja anaikopa kwa nani. Kisha mwombe akupe dada yao mkubwa, umwulize jambo moja tu: leo alipata saa ngapi za kusoma kitabu chake mwenyewe?

Akisita kujibu, mwambie akupe mama yake, mpange siku upya.